Machungwa ya Muheza na namba tasa ya tarakimu milioni 41

Namba yenyewe inaanza na 8816943275 na kuishia na 871551. Ukiihesabu yote ina tarakimu 41,024,320. Mtu akikaa kwenye baraza ya kahawa Ngamiani, Tanga, akaanza kuisoma kwa sauti, tarakimu moja kila sekunde, bila kula, bila kulala, bila kuitikia salamu ya mpita njia, atamaliza baada ya siku 475 hivi. Kuiandika, hata hivyo, hakujazi mstari mmoja: 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1. Zidisha mbili kwa mbili mpaka zitimie mbili 136,279,841, kisha punguza moja.

Hiyo ndiyo namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana, iliyotangazwa Oktoba 2024. Neno la kushika hapo ni "zinazojulikana", na ndilo linalodondoka njiani habari ikishaanza kusambazwa kwenye simu. Ikifika Chumbageni imeshakuwa "namba tasa kubwa kuliko zote". Ikifika Pongwe imeshakuwa "namba inayolinda benki". Maneno yote mawili ni makosa, na yametokana na jambo moja: watu wameshangaa ukubwa wake wakasahau kutazama umbo lake.

Tuanze na lile la kwanza. Namba tasa ni ile ya kuanzia 2 isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe. (Jina lenyewe lina kejeli. Tasa ni asiyezaa, ilhali kila namba nzima kuanzia 2 imezaliwa kwa kuzidisha hizi hizi.) Kwamba haziishi, Euclid alikwisha kulithibitisha zaidi ya miaka 2,200 iliyopita: chukua orodha yoyote ya namba tasa, zizidishe zote, ongeza 1, jibu hilo halitagawanyika kwa yoyote iliyomo kwenye orodha, kwa hiyo kuna tasa nyingine nje yake. Hapa wengi huteleza wakidhani jibu lenyewe lazima liwe tasa. Jaribu 2 × 3 × 5 × 7 × 11 × 13 + 1. Unapata 30,031, nayo ni 59 × 509. Hoja ya Euclid haijatikisika, maana 59 na 509 hazikuwemo kwenye orodha.

Haziishi, wala kule juu hazijawa adimu kiasi watu wanavyodhani. Ukifika kwenye namba za ukubwa huu, kwa wastani moja katika kila milioni 94 ni tasa. Inaonekana chache, lakini kati ya rekodi iliyotangulia, 2⁸²⁵⁸⁹⁹³³ − 1 ya Desemba 2018 yenye tarakimu 24,862,048, na hii ya 2024, zimo namba tasa nyingi kiasi kwamba idadi yake pekee ni namba ya tarakimu zaidi ya milioni 41. Wakati rekodi mpya inatangazwa, kati ya hizo zote haikuwa ikijulikana hata moja. Ziko kule, zimejaa, na hatuna njia ya kuinyooshea kidole yoyote tukasema: hii.

Basi kwa nini hii tu? Twende sokoni Mgandini.

Tuseme machungwa 4,487 yameshuka kutoka Muheza, na mnunuzi anayataka kwa mafungu ya 127, lisizidi wala lisipungue. Yatabaki mangapi? Njia ya shule ni kugawanya. Lakini tuseme yamekuja yakiwa yamepangwa kwenye matenga ya 128: matenga 35 yaliyojaa, na machungwa 7 ya rejareja. Hapo huhitaji kugawanya kitu. Ondoa chungwa moja juu ya kila tenga, na kila tenga limekuwa fungu la 127. Mikononi unayo 35 uliyoyaondoa na yale 7. Baki ni 42. Kama ya mikononi yangetimia 127 au zaidi, ungefunga fungu jingine hapo hapo na kuhesabu yanayosalia.

Kompyuta huhifadhi namba kwa mbili-mbili, na 128 ni 2⁷. Kwake machungwa yanakuja daima yakiwa kwenye matenga tayari. Kazi ni kukata namba sehemu mbili na kuzijumlisha. Kutafuta baki la kugawa kwa 2⁷ − 1, au kwa 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1, kumegeuka kuwa kujumlisha. Kugawanya namba za mamilioni ya tarakimu ni kazi nzito; kujumlisha ni kazi nyepesi mno. Namba za umbo hili, mbili kwa kipeo fulani kutoa moja, huitwa namba za Mersenne, kwa jina la mtawa wa Ufaransa Marin Mersenne.

Umbo hilo lina zawadi ya pili, kubwa kuliko ya kwanza: kipimo maalumu. Mfaransa Édouard Lucas alikianzisha karne ya 19, Mmarekani D. H. Lehmer akakinyoosha miaka ya 1930. Anza na 4. Zidisha namba kwa yenyewe, toa 2, chukua baki la kugawa kwa namba unayoipima. Rudia. Kipeo kikiwa p, kwa p tasa isiyo 2, hatua ni p − 2. Hatua ya mwisho ikitoa sifuri, namba ni tasa bila shaka yoyote. Ikitoa kingine chochote, si tasa.

Tuipime 127, ambayo kipeo chake ni 7, kwa hiyo hatua ni tano. Ya kwanza: 4 × 4 − 2 = 14. Ya pili: 14 × 14 − 2 = 194, tenga 1 na machungwa 66, baki 67. Ya tatu: 67 × 67 − 2 = 4,487, yale yale ya juu, baki 42. Ya nne: 42 × 42 − 2 = 1,762, matenga 13 na machungwa 98, baki 111. Ya tano: 111 × 111 − 2 = 12,319, matenga 96 na machungwa 31. Jumla ya 96 na 31 ni 127, fungu kamili, halibaki kitu. Sifuri. Namba 127 ni tasa.

Fanya hivyo hivyo kwa 2¹¹ − 1, yaani 2,047. Baada ya hatua tisa unabaki na 1,736, kwa hiyo si tasa, na kweli 2,047 ni 23 × 89. Ila angalia: 1,736 haikukunong'oneza kuhusu 23 wala 89. Kipimo kinasema namba inagawanyika bila kusema inagawanyika kwa namba ipi. Kuna namba kubwa nyingi ambazo tunajua kwa yakini si tasa na hakuna anayejua kigawo chake hata kimoja.

Kipeo chenyewe lazima kiwe tasa. Ukichukua 6, ambayo ni 2 × 3, basi 2⁶ − 1 = 63 itagawanyika kwa 2² − 1 na kwa 2³ − 1, yaani 3 na 7. Lakini kipeo kuwa tasa hakutoshi, kama 11 ilivyotuonyesha. Mersenne mwenyewe mwaka 1644 alitoa orodha ya vipeo mpaka 257 akakosea mara tano: aliziweka 67 na 257 zisizostahili, akaziacha 61, 89 na 107. Ilipofika 1903, Frank Nelson Cole alionyesha kuwa 2⁶⁷ − 1 ni 193,707,721 × 761,838,257,287. Kuzizidisha hizo mbili kwa kalamu ni kazi ya saa moja kwa mwenye mkono mwepesi. Kuzipata ndiko kuna kazi.

Kabla ya kipimo kizima, wawindaji wa namba hizi hupitisha kila kipeo kwenye chekeche la bei rahisi. Kigawo tasa chochote cha 2ᵖ − 1 lazima kiwe na sura ya 2 × k × p + 1, na kikigawanywa kwa 8 kiache 1 au 7. Rudi kwa 2,047: 23 ni 2 × 1 × 11 + 1 na huacha 7, 89 ni 2 × 4 × 11 + 1 na huacha 1. Kwa kipeo 136,279,841, k ikiwa 1 unapata 272,559,683, ambayo huacha 3 kwa 8: itupe. Ikiwa 2 unapata 545,119,365, inaishia na 5: itupe. Ikiwa 3 unapata 817,679,047, inaacha 7, hiyo imepita chekeche. Hivi ndivyo mabilioni ya namba yanavyorukwa, na vipeo vingi hufia hapa bila kugharimu umeme wa maana.

Vinavyosalia ndivyo vinavyokula mashine. Kwa namba yetu hatua za Lucas na Lehmer ni 136,279,839, na kila hatua ni kuzidisha namba ya tarakimu milioni 41 kwa yenyewe. Kwa njia ya darasani, tarakimu kwa tarakimu, hatua moja ingehitaji vizidisho vidogo trilioni 1,683. Mashine yenye uwezo wa trilioni moja kwa sekunde ingemaliza hatua moja kwa dakika 28, na kipimo kizima kwa zaidi ya miaka 7,000. Kwa hiyo programu hutumia mbinu ya Fourier: namba inakatwa vipande vidogo, vipande vinageuzwa kuwa kama mawimbi, mawimbi yanazidishwa kimoja kwa kimoja, kisha yanarudishwa kuwa namba.

Mbinu hiyo hufanya kazi kwa desimali ilhali jibu lazima liwe namba nzima, na hapo ndipo mambo huharibika. Kipande kikitoka 5,283.02, unakikata kuwa 5,283 na kuendelea. Kikitoka 5,283.48 hujui kama ni 5,283 au 5,284. Ukikosea mara moja tu katika hatua milioni 136, kila kinachofuata ni takataka, na takataka hizo zina sura ile ile ya jibu halali. Dawa ni kukata vipande vidogo zaidi, na gharama yake ni mwendo kupungua.

Kosa la pili ni la chuma. Biti moja, yaani 0 au 1 ya kompyuta, ikigeuka kwenye memori kwa joto au kwa umeme usiotulia, hakuna king'ora kinacholia. Zamani kila kipeo kilipimwa mara mbili na kompyuta za watu wawili tofauti, majibu yakalinganishwa. Ikiwa hayafanani, mtu wa tatu. Mwaka 2017 Robert Gerbicz alileta ukaguzi wa ndani: badala ya kipimo cha Lucas na Lehmer, programu hupandisha 3 kwa vipeo vinavyorudufiwa, inaweka pembeni zao la matokeo ya vituo, na kila baada ya hatua nyingi inalifikia zao hilo kwa njia ya pili. Yasipolingana, inarudi kwenye kituo cha mwisho kilicho salama. Muda unaoongezeka hauhisiki.

Kwa nini 3 na si 2? Kwa sababu namba ya Mersenne yenye kipeo tasa hufaulu jaribio hilo likianza na 2 badala ya 3, hata kama si tasa. Hata 2,047 hufaulu. Na jaribio la 3 likifaulu unapata "inadhaniwa tasa" tu. Hukumu lazima itoke kwa Lucas na Lehmer. Ndivyo ilivyokuwa 2024. Tarehe 11 Oktoba kadi ya picha aina ya NVIDIA A100 iliyoko Dublin ilitoa ishara. Tarehe 12 nyingine aina ya H100 iliyoko San Antonio, Texas, ikathibitisha, kisha wengine wakarudia kwa programu na mashine tofauti. Aliyeziendesha ni Luke Durant wa San Jose, California, ndani ya GIMPS, mradi wa watu wanaojitolea kompyuta zao kuwinda tasa za Mersenne, ulioasisiwa na George Woltman mwaka 1996, akitumia kadi zilizotapakaa kwenye nchi 17. Ilikuwa tasa ya 52 ya Mersenne kugunduliwa. Ya 52 kwa mpangilio? Hilo halikuthibitishwa, kwa kuwa vipeo vya chini yake vilikuwa havijakaguliwa vyote mara ya pili, na mwaka 2008 kipeo 43,112,609 kiliwahi kugunduliwa kabla ya kile kidogo cha 37,156,667.

Na yapo makosa ya kibinadamu kabisa. Kompyuta ya chuo kimoja Missouri iliipata 2⁷⁴²⁰⁷²⁸¹ − 1 Septemba 2015, barua pepe ya kumwarifu mwenye mradi haikutoka, na habari ikakaa kimya mpaka Januari 2016.

Unaweza kuihakiki namba hii kidogo ukiwa nyumbani, na kukosea ukiwa nyumbani pia. Idadi ya tarakimu hupatikana kwa kuzidisha kipeo kwa logi ya 2 (kwa msingi wa 10), kuchukua sehemu nzima, na kuongeza 1. Ukitumia 0.30103, kama ilivyo kwenye majedwali ya shule, utapata 41,024,320.5, uongeze 1 uandike 41,024,321. Umezidisha tarakimu moja. Tumia 0.30102999566 na utapata 41,024,319.945, ongeza 1 kwenye sehemu nzima na hesabu inakaa sawa. Ile .945 iliyosalia nayo ina kazi: 10 kwa kipeo hicho ni 8.81, ndiyo maana namba inaanza na 88. Mwisho wake je? Tarakimu mbili za mwisho za vipeo vya 2, kuanzia 2², hujirudia kila hatua 20. Gawa 136,279,841 kwa 20, baki ni 1, kwa hiyo mwisho wake ni kama wa 2²¹, ambayo ni 2,097,152. Toa 1 kwenye 52. Inaishia 51.

Anayetaka kuwinda akiwa Tanga anaweza. Programu ya GIMPS iitwayo Prime95 ni ya bure. Ila apige hesabu ya LUKU kwanza. Kompyuta ya mezani inayovuta wati 150 usiku na mchana inakula yuniti 3.6 kwa siku, yuniti 108 kwa siku 30. Kaya iliyo kwenye bei nafuu ya matumizi yasiyozidi yuniti 75 kwa mwezi itakuwa imeuvuka mpaka kabla hata ya kuwasha taa. Umeme ukikatika hupotezi kazi yote, kwa kuwa programu huhifadhi ilipofikia kila nusu saa usipoibadilisha. Adui mkubwa ni joto la miezi ya kaskazi na vumbi linaloshika kwenye feni. Safisha feni, iache mashine ifanye jaribio la mateso lililomo ndani ya programu kwa saa 24, na ikitoa kosa hata moja usiipe kazi. Jaribio hilo si mchezo: Januari 2016 Intel ilikiri kasoro ya prosesa zake za Skylake baada ya kuonekana kwamba zinaganda zikiendesha Prime95.

Zawadi ya dola 150,000 inayotajwa sana ni ya namba tasa yenye tarakimu milioni 100, yaani kipeo cha zaidi ya milioni 332, na kipimo kimoja tu huko ni kazi kama mara sita ya hiki tulichokieleza. Kwa maoni yetu, kuifuata kwa kompyuta ya nyumbani ni kununua bahati nasibu kwa bei ya LUKU. Anayependa hesabu akague vipeo vidogo ambavyo havijahakikiwa. Kazi hiyo itafika mwisho akiwa bado ana hamu.

Sasa lile la benki. Funguo za siri za RSA, mfumo wa kufunga ujumbe unaotumiwa na benki, zenye biti 2,048 hutengenezwa kwa tasa mbili za tarakimu 308 au 309, zilizochaguliwa kwa bahati na kufichwa. Tasa iliyotangazwa dunia nzima haiwezi kuwa siri ya mtu, na yenye tarakimu milioni 41 ingeigandisha simu yoyote. Lakini umbo lake limo mfukoni mwako. Funguo za kufungia ujumbe wa WhatsApp hutengenezwa kwa mkokotoo uitwao Curve25519, uliobuniwa na Daniel J. Bernstein mwaka 2005, na namba yake ni 2²⁵⁵ − 19, tasa ya tarakimu 77. Ni matenga yale yale. Tofauti ni kwamba kila tenga linapofungwa huacha machungwa 19 badala ya moja, kwa hiyo sehemu ya juu huzidishwa kwa 19 kabla ya kujumlishwa na ya chini. Mfumo mwingine, P-521, hutumia 2⁵²¹ − 1, Mersenne halisi, inayoacha chungwa moja tu. Kati ya kipeo 127 na kipeo 521 hakuna tasa ya Mersenne hata moja: 127 ni ndogo mno kwa usalama, 521 ni nzito kuliko inavyohitajika, na aliyetaka ya katikati ilibidi akubali kubakiwa na 19.